Kocha wa Wepesi na Karoti za Mlola

Jumatatu, 16 Juni 2025

Tumefika Lushoto saa nane mchana. Baridi! Ukungu umeshuka mpaka kwenye madirisha ya hosteli. Tupo mafundi wa programu kumi na mmoja, kiongozi wao Zakia, na mimi, Alen Mdoe, Kocha wa Wepesi, Daraja la Pili. Kozi ya siku mbili kwa njia ya mtandao, cheti chenye muhuri wa dhahabu. Nimekuja nacho kwenye fremu.

Lengo la wiki: kuwabadilisha mafundi hawa. Lengo langu: ukuu wa Idara ya Mabadiliko inayotaka kuundwa, Nyuzi Teknolojia, wafanyakazi elfu moja na mia mbili, makao makuu Dar es Salaam. Nafasi iko wazi. Makocha tunaoitaka tuko sita. Watano wamezipeleka timu zao Bagamoyo, wakale samaki. Mimi nimeileta yangu milimani. Mkurugenzi Mkuu, Bi Sharifa, atapanda Ijumaa kuona matokeo. Mtu akizimaliza kona zote zile za barabara ya Soni kwa ajili yako, hawezi kurudi bila kukupa cheo.

Wepesi ni namna mpya ya kufanya kazi. (Naeleza kwa sababu siku moja shajara hii itachapishwa.) Watu hawajifungii kwenye kazi kama punda wa kinu. Wanasimama, wanaandika vikaratasi, wanavibandika ukutani, wanajitazama, wanaanza upya. Mafundi wa Zakia hawajui hayo. Wao wanatunza mfumo uitwao Shambani: mkulima anaandikisha mzigo wake kwa simu, mfumo unampangia lori, lori linakuja kituoni kuchukua. Basi. Lakini wanavyoringa, utadhani wameumba dunia.

Kitu cha kwanza nilichofanya ni kukusanya kompyuta zote. Nimezifungia stoo ya hosteli, pembeni ya magunia ya mkaa. Ufunguo nimeutundika shingoni kwa utepe mwekundu. Fundi mwenye kompyuta mapajani habadiliki.

Zakia akapinga. Mwanamke wa Muheza, miwani minene, sauti ndogo, hana hata cheti kimoja ukutani. Akasema lazima abaki mtu mmoja mwenye kompyuta, kwa sababu Ijumaa iliyopita tuliingiza mabadiliko kwenye mfumo kwa pupa na hayajakaguliwa. Tuliingiza! Niliyeagiza ni mimi. Nilihitaji jambo la haraka la kumwonyesha Bi Sharifa. Nikaitazama orodha ya vituo vya kukusanyia mizigo. Yote imepangwa kwa alfabeti, isipokuwa Mnazi imekaa juu ya Mlola. Uchafu ulioje! Nikaagiza vibadilishane nafasi. Vikabadilishwa kwa nusu saa. Ndiyo slaidi yangu bora kuliko zote.

Nikaitisha kura kuhusu kompyuta. Kadi ya kijani kufunga, nyekundu kutofunga. Zikainuka nyekundu kumi na mbili. Nikawaeleza kwamba kura haikuwa ya kuamua, ilikuwa ya kusikilizana. Kisha nikawasomea barua ya makao makuu: natakiwa kuandika orodha ya wapinga mabadiliko, na orodha hiyo itatazamwa watu watakapopunguzwa kazini mwezi wa nane. Wakashusha kadi zao. Hapo ndipo timu inapoanza kukomaa.

Mtunza hosteli anaitwa Bi Mwanahamisi. Mama mtu mzima, kanga mbili, koti la sufu. Alisimama mlangoni kwangu na ndoo ya maji ya moto, akanitazama. Alikuwa anangoja shikamoo. Sikuitoa. Wepesi hauna vyeo. Nimewaambia hata timu waache mambo hayo, kila mtu aitwe kwa jina lake. Isipokuwa mimi, niitwe Kocha. Bi Mwanahamisi akageuka na ndoo yake, akampelekea fundi Rajabu, ambaye alimwamkia tangu getini.

Nimeoga maji ya baridi. Lushoto, mwezi wa sita.

Jumanne, 17 Juni 2025

Asubuhi: kikao cha kusimama. Kitaalamu ni dakika kumi na tano. Chetu kimechukua saa mbili na nusu, kwa sababu nilikuwa na mengi ya kusema. Rajabu aliegemea mti. Nimemwandika kwenye orodha.

Vikaratasi vimegoma kushika ukutani. Unyevu. Unabandika kimoja, viwili vinadondoka. Mwenzangu mwingine angekata tamaa. Mimi nikapata wazo kubwa. Tubandike kila kitu kwenye ubao wa plywood, kwa pini ndogo, tuubebe mpaka Irente, pale mwambani ambapo milima inakatika ghafla na Mazinde inaonekana chini kabisa, mkonge umejipanga kama nywele zilizosukwa. Mafundi wauone upana! Wakaubeba kwa miguu wakipokezana. Mimi nilitangulia na pikipiki kuchagua mahali.

Ukungu ukafunguka. Mandhari ya kutoa machozi. Nikawapanga nusu duara, nikasimama mgongo wangu kwa bonde, nikanyoosha mikono, nikauliza: mnaona nini?

Upepo ukapanda.

Pini zile hazikuwa na nguvu. Vikaratasi mia mbili na kumi na vinne viling'oka kwa pamoja, njano, kijani, buluu na waridi, vikanizunguka kichwa mara moja kama vinaniaga, kisha vikashuka zake Mazinde. Kazi zote za miezi mitatu ijayo. Zakia akauliza, kwa ile sauti yake ndogo, kama hiyo ndiyo inayoitwa kumfikishia mteja kazi mapema. Walicheka mpaka Rajabu akalala kwenye nyasi.

Nimewaandika wote kumi na wawili. Ukurasa umejaa.

Mama amepiga simu mara tatu leo. Sikupokea. Yuko Mlola, si mbali na hapa, na sijamwambia kwamba nimekuja. Akijua, nitaitwa kula makande na kuzungushwa kwa wajomba wote. Nina miaka minne sijafika nyumbani. Mama ameshazoea. Anajua mwanawe anaendesha kampuni. Hivyo ndivyo nilivyomwambia, na haiko mbali na ukweli.

Maji bado ya baridi.

Jumatano, 18 Juni 2025

Nilikuwa kwenye chai, kipande cha kiazi kitamu mkononi, Zakia akaja na simu sikioni. Uso umempauka. Akasema wapokea simu wa Dar wanalalamikiwa tangu jana. Malori yaliyoandikishwa kwenda Mlola yameshuka Mnazi. Manne! Madereva wamefika huko bondeni, jua kali, wamekuta mbuzi na uwanja mtupu. Na Mlola mizigo imelala kando ya barabara.

Nikauliza hilo linahusiana vipi na mimi. Akaeleza taratibu, kama anamweleza mtoto. Mfumo wa malori hausomi jina la kituo, unasoma nafasi yake kwenye orodha. Mnazi na Mlola vimebadilishana nafasi Ijumaa. Kwa hiyo lori la Mlola linadhani Mlola ni Mnazi. Kurekebisha ni dakika ishirini, kompyuta moja. Dar hawawezi, kwa sababu ruhusa ya kugusa sehemu ile iko kwa timu hii tu. Na dereva haruhusiwi kupakia mahali ambapo mfumo haujamtuma.

Makocha dhaifu hutetereka hapo. Mimi sikutetereka. Nikampa kikaratasi kipya, nikamwambia aandike tatizo lake, akiweke kwenye safu ya Yatakayofikiriwa. Kitapangiwa zamu kwenye mzunguko ujao. Wiki mbili.

Akasema karoti ikishaoshwa haina wiki mbili.

Nikamwambia: hiyo ni hofu ya mabadiliko inayosema.

"Si hofu, Kocha," akasema. "Ni karoti."

Jina lake nimelirudia kwa wino mwekundu.

Wanadhani sijui ninachofanya. Najua sana! Nikifungua stoo leo, Ijumaa Bi Sharifa ataambiwa kwamba Kocha alishindwa siku ya tatu. Na wale watano wa Bagamoyo watapata la kusema mwaka mzima. Kwa ajili ya nini? Karoti. Karoti zinaota kila mwaka.

Mchana nikawapa zoezi maarufu: kujenga mnara kwa tambi zisizopikwa na utepe wa gundi. Mnara mrefu kuliko yote unashinda. Timu ya Rajabu ilifika kiunoni. Bi Mwanahamisi akatokea, akaangalia mezani, akauliza tambi hizo zimetoka jiko la nani. Akazikusanya zote, mnara na utepe, akaondoka. Jioni tumekula tambi. Sahani yangu ilikuwa na utepe.

Zakia hakucheza. Alikaa barazani tangu saa sita mpaka saa kumi na mbili, amejifunika shuka la Kimasai, anawapigia wakuu wa vituo na madereva mmoja mmoja kuwaomba radhi. Kupoteza muda tu. Huwezi kuibadilisha kampuni kwa kuomba radhi.

Alhamisi, 19 Juni 2025

Siku mbaya. Lakini nimeigeuza.

Leo ni gulio la Lushoto, mji umejaa tangu alfajiri. Saa nne nilikuwa uwanjani naandaa zoezi la kufumba macho, nikaona gari aina ya Noah linasimama getini. Wakashuka wanawake watano wa shambani, matope mpaka magotini, na gunia moja. Wa mbele amejitanda kitenge cha kijani.

Kitenge kile nilikinunua mimi. Kariakoo, miaka minne iliyopita.

Mama!

Sikufikiri. Miguu ilifikiri. Nikaingia stoo, nikafunga kwa ndani, nikachuchumaa nyuma ya mkaa. Stoo ina kidirisha kimoja chenye wavu, kinatazama baraza. Nikasikia kila kitu.

Zakia akawaamkia kwa adabu, wote watano, mmoja mmoja. (Sheria yangu ya kuacha shikamoo kaivunja mara tano.) Mama akasema wametoka Mlola, wameambiwa gulioni kwamba watu wa Nyuzi wako hosteli hii. Akafungua gunia. Nilisikia harufu kutoka kule ndani. Karoti zimelainika, zimetoa maji. Akasema wameziosha mtoni Jumatatu kwa maji ya barafu, wamezishona kwenye magunia, wamezisogeza barabarani Jumanne asubuhi kama simu ilivyowaambia, na lori halijaja. Yeye peke yake ana magunia tisa. Shamba lote la msimu. Alilala nayo barabarani siku mbili kwa zamu na wenzake.

Zakia akamwomba radhi. Mama akasema hakuja kugombana. Akasema yeye ana mtoto wake kwenye kampuni hiyohiyo, mkubwa huko, amempigia tangu Jumanne, hapokei, bila shaka vikao vimembana. Angekuwa amejua, asingekubali. Angelimaliza jambo hili siku hiyohiyo.

Zakia akauliza anaitwa nani.

"Mimi ni Mama Alen," mama akasema. "Alen Mdoe. Mnamjua?"

Nikaona kupitia wavu mafundi wote wanatazama viatu vyao. Rajabu akafungua mdomo, Zakia akamgusa mkono. Kisha akasema ndiyo, mama, tunamjua.

Nikafuta macho. Vumbi la mkaa.

Bi Mwanahamisi akawachukua wageni jikoni wakanywe chai. Mara Zakia akawa kwenye kidirisha. Hakupandisha sauti. Akasema, Alen, mama yako yuko jikoni. Nipitishie kompyuta moja.

Si Kocha. Alen!

Hapo ndipo akili yangu inapong'aa, pale wengine wanapozimika. Nikamwambia nitampa kwa masharti mawili. Kwanza, mama asijue niko hapa. Pili, asaini fomu kwamba timu yake imebadilika kikamilifu na Kocha ametimiza malengo. Nikaisukuma fomu chini ya mlango, na kalamu. Akasaini juu ya goti bila kusoma. Dhaifu sana katika majadiliano. Nikafungua mlango kidogo, nikampitishia kompyuta.

Akakaa na Rajabu kwenye ngazi za baraza. Dakika kumi na nane, nimezihesabu kwa saa yangu. Vituo vikarudi mahali pake. Halafu akabaki anapiga simu mpaka malori mawili yaliyokuwa Mnazi yakageuza na kupanda Mlola. Wanawake wakaondoka na kelele za furaha. Mimi nikatoka stoo saa nane, mweusi kama mchoma mkaa, nimebanwa na mkojo.

Nimekaa chini, nimefikiri. Tatizo limeibuka, timu imelipokea, mteja amesikilizwa ana kwa ana, limetatuliwa kwa dakika kumi na nane. Huo ni nini kama si Wepesi? Nani aliyewaleta mafundi karibu na Mlola? Mimi! Bila mimi wangekuwa Dar, mbali na mteja.

Nimeandika slaidi mpya ishirini. Zakia nimemtaja kwenye ya kumi na tisa, kwa herufi ndogo.

Ijumaa, 20 Juni 2025

Niandike haraka kabla sijabadilisha kumbukumbu.

Bi Sharifa alifika saa tano. Mwanamke mfupi, suti ya kijivu, miwani ya bei. Mtu wa Dar kabisa, nikajiambia, huyu hajawahi kushika jembe.

Asubuhi nilikuwa nimemwomba Bi Mwanahamisi anitafutie mkulima mmoja wa Mlola aliyepata lori lake, aje atoe ushuhuda. Akasema yupo mmoja, hakuondoka na wenzake jana, amelala kwake, wameshakuwa ndugu. Kisha akatabasamu. Mara ya kwanza tangu Jumatatu. Nikadhani ameanza kunielewa. Hata ndoo ya maji ya moto nililetewa.

Uwasilishaji ulianza vizuri mno. Slaidi ya kwanza, orodha ya vituo kwa alfabeti. Nikairuka upesi. Slaidi ya kumi, dakika kumi na nane kwa herufi kubwa. Nikainua fomu ya Zakia. Nikaugusa ufunguo kifuani, nikasema huu ni alama yangu ya uongozi. Bi Sharifa akaandika kitu. Akauliza tatizo lilianza lini. Nikasema mteja mwenyewe atatueleza, nikapiga makofi, mlango wa jikoni ukafunguliwa.

Kitenge cha kijani.

Mama alimwamkia mgeni, akaitikia shikamoo za mafundi, akageuka upande wangu. Akanitazama kutoka viatu mpaka kichwani. Macho yakasimama kwenye ufunguo. Mama anaujua ufunguo ule, kumbe jana nusu saa nzima Bi Mwanahamisi alikuwa anamweleza kompyuta zilikofungiwa na nani anayetembea na ufunguo shingoni. Kilichokuwa hakijamfikia ni jina, maana hapa naitwa Kocha.

"Kumbe ni wewe," akasema.

Halafu Kiswahili kikamtoka. Mama akiumia hubaki na Kishambaa tu. Alisema taratibu, hakupiga kelele, mikono ameikunja tumboni. Nikiandika hapa, kwa kuwa hakuna anayeniona, alisema hivi: kwamba zile simu tatu hakuipigia kampuni, alimpigia mwanawe. Kwamba siku mbili amekaa juu ya magunia anawatia moyo wenzake, wasiondoke, Alen yuko huko, Alen hawezi kutuacha. Kwamba magunia manne amemwagia ng'ombe na hilo amelimeza. Lakini wenzake atawatazamaje, wakijua kwamba aliyefunga mlango ni huyohuyo Alen?

Bi Sharifa akauliza mama anasema nini.

Chumba kizima kilikuwa cha watu wa Dar na Muheza. Nikaona njia. Nikasema: anaishukuru sana kampuni.

Mama akaendelea. Nikatafsiri: anasema huduma imeboreka tangu Jumatatu.

Mama akanyoosha kidole kwenye ufunguo, sauti ikamkatika. Nikatafsiri: anasema kiongozi wa namna hii apewe idara nzima.

Bi Sharifa akavua miwani. Akainuka, akamshika mama mikono yote miwili, akaanza kuzungumza naye Kishambaa. Kishambaa cha Bumbuli, cha wazee, cha kulelewa na bibi! Walizungumza muda mrefu. Alimpa pole ya karoti, akamuuliza majina ya wale wenzake wanne, akayaandika yote kwenye kile kidaftari chake. Mama akafuta machozi kwa pindo la kitenge. Kisha Bi Sharifa akanigeukia.

"Alen," akasema, "haya, tafsiri na hayo."



Jumamosi, 21 Juni 2025

Yote yameamuliwa kwenye kikao cha dakika tano, wameketi. Hawakunialika, nilisimama dirishani.

Idara ya Mabadiliko haitaundwa. Wale watano wa Bagamoyo nao wamerudishwa kwenye kazi zao za zamani. Wakome! Orodha yangu ya wapinga mabadiliko Bi Sharifa aliisoma yote, mafundi kumi na wawili, akaikunja, akaiweka kwenye jiko la Bi Mwanahamisi. Akamuuliza Zakia timu zinataka nini ili zifanye kazi vizuri. Mtu amepewa nafasi ya kuota ndoto kubwa! Zakia akajibu mambo mawili: watu wasinyang'anywe vifaa vyao, na mabadiliko yasiingizwe kwenye mfumo siku ya Ijumaa. Basi. Hakuna hata mchoro mmoja. Na wamempa yeye kusimamia utaratibu wa timu zote. Ndiyo maana nchi haiendelei.

Mimi nimepewa miezi mitatu kituo cha Mlola. Kupima magunia, kupakia malori, kupokea simu za wakulima. Bi Sharifa amesema ni ili nimjue mteja. Barua imeandikwa kwamba mkuu wangu ni Shamsa, mwendesha kituo, mwanamke aliyeishia darasa la saba na hana hata barua pepe.

Nimeitafakari barua hiyo kutwa nzima. Kampuni kubwa haimpeleki mtu wa kawaida kukaa na mteja. Inampeleka mtu inayemwamini. Ni ubalozi ule. Hawakutaka kulisema mbele ya wengine, wasione wivu.

Wakati wa kuondoka Zakia alinipa mkono. Akasema mama yangu ni mtu mwema, nikae naye vizuri. Nikamwambia akihitaji ushauri wa kitaalamu asisite.

Jumatano, 2 Julai 2025

Mlola. Wiki ya pili.

Mama hakunisemesha siku tatu. Ya nne alinitengea makande, akaniwekea na parachichi pembeni, akakaa kunitazama nikila. Akasema nimekonda. Basi, akayafunga hayo. Anaamka saa kumi na moja, anakwenda shambani kupanda upya. Kituoni Shamsa ananizungusha: beba hili, shusha lile, hilo ni lumbesa limejazwa kupita kiasi, lirudishe. Mgongo unaniuma. Wakulima wananiita mtoto wa Mama Alen. Cheti changu kwenye fremu wamekitundika karibu na mizani, wanakifutia vumbi la mikono.

Lakini mtu mwenye kipaji huwezi kumzika. Jana jioni nilipita kanisani, nikasikia kwaya ya usharika ikifanya mazoezi. Watu arobaini. Sauti nne! Nilishtuka. Sauti nne ni matabaka manne, soprano hawajui alto wanafanya nini, besi wamejitenga kule nyuma kama serikali nyingine. Na juu ya wote amekaa mtu mmoja anapunga mkono, Mwalimu Jenoveva, miaka ishirini na sita kwenye kiti hicho bila kuzungushwa. Nani alishawahi kuwachunguza hawa? Hakuna!

Jumapili hii anakuja Askofu kubariki jengo jipya. Nafasi ya dhahabu.

Nimezungumza na besi mmoja mmoja, njiani, kila mmoja akiwa peke yake. Wawili wamekubali, wa tatu ana mafua lakini hakukataa. Tutaufuta mgawanyo wa sauti. Kila mwimbaji atachagua sauti anayoipenda wimbo ukiwa unaendelea. Besi wataanza kwa soprano. Mwalimu Jenoveva alihisi kitu, akaniuliza kama mimi mwenyewe nimewahi kuimba. Nikamjibu kwamba kocha haimbi.

Kiongozi wa alto ni mama. Yeye nimepanga ajue palepale mbele ya Askofu, ili asipate muda wa kuogopa.